Kuishi na Maudhi ya Dawa Mpya za Saratani ya Matiti Mkoani Singida

Maudhi ya dawa mpya za saratani ya matiti ni mabadiliko ya mwili yanayoletwa na dawa zilizoingia katika tiba tangu mwishoni mwa miaka ya 1990: sindano zinazolenga protini ya HER2, vidonge vinavyokata homoni au kuzuia seli kugawanyika, na dawa zinazoamsha kinga ya mwili. Hapa yanaelezwa kwa kuutazama mkoa wa Singida, katikati ya Tanzania, wenye watu takriban milioni 2 kwa sensa ya 2022. Mkoa huo hauna kituo cha mionzi, na mara nyingi mgonjwa huandikiwa dawa katika mji mmoja, kisha maudhi yake yakamkuta kijijini, mamia ya kilomita kutoka kwa daktari aliyemwandikia. Karibu kila udhia unaotajwa hapa unaweza kugunduliwa mapema na kupunguzwa. Kinachopotea njiani ni taarifa.

Saratani ya matiti ni ya pili kwa wanawake wa Tanzania, baada ya ile ya mlango wa kizazi. Wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, na wengi ni vijana kuliko wagonjwa wa Ulaya, maana yake bado wanazaa, wanalima na kulea. Kutoka Singida mjini hadi Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ni takriban kilomita 240. Hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza, ni zaidi ya 400. Hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya 1996, ni karibu 700. Treni ya reli ya kisasa (SGR) iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imepunguza saa kadhaa za safari hiyo ya Dar es Salaam. Lakini mama wa Mgandu au Rungwa, huko Itigi, ana safari nyingine ndefu kabla hajaiona stendi ya mabasi.

Dawa zenyewe

Inayojulikana zaidi ni trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 na kuingizwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Desemba 2019 WHO ilithibitisha kwa mara ya kwanza ubora wa dawa inayofanana nayo kutoka kwa mtengenezaji mwingine, hatua iliyofungua njia ya bei nafuu. Trastuzumabu humfaa yule ambaye uvimbe wake una HER2 kwa wingi, yaani takriban mgonjwa 1 kati ya 5 au 6, na kwa kawaida hutolewa kila baada ya wiki 3 kwa mwaka mzima. Upande wa vidonge, tamoksifeni ni ya tangu miaka ya 1970. Anastrozoli na letrozoli zilifuata, kisha palbosiklibu mwaka 2015, na ribosiklibu na abemasiklibu mwaka 2017. Hizi tatu za mwisho ni ghali mno, na ni wachache wanaozipata. Dawa za kemikali za zamani, kama dokisorubisini (ile nyekundu), paklitakseli na vidonge vya kapesitabini, bado ndizo nguzo ya tiba, na mara nyingi hutangulia dawa mpya au kuandamana nazo. Ndiyo maana maudhi huchanganyika, na si rahisi mgonjwa kujua ni dawa ipi inayomsumbua.

Moyo

Trastuzumabu inaweza kudhoofisha moyo. Kwa wengi udhaifu huo hauna dalili, na hupungua dawa ikisimamishwa. Kwa hilo inatofautiana na dokisorubisini, ambayo madhara yake kwa moyo hujilimbikiza dozi kwa dozi na yanaweza kudumu. Aliyepewa zote mbili anahitaji uangalizi wa karibu zaidi. Kanuni ni kupima moyo kwa eko (picha ya mawimbi ya sauti) kabla ya kuanza na kila baada ya miezi 3. Uwezo wa moyo kusukuma damu ukishuka kwa pointi 10 au zaidi hadi chini ya asilimia 50, sindano husitishwa kwa muda na moyo kutibiwa. Madaktari wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete hufika mikoani kwa huduma za tiba mkoba, na ziara ya namna hiyo inaweza kumwokolea mgonjwa nauli ya Dar es Salaam ikiwa ratiba yake ya vipimo inajulikana mapema.

Nyumbani, dalili za kuangaliwa ni kuishiwa pumzi katika njia ambayo mtu alizoea kuipita bila shida, kuamka usiku akitafuta hewa, kuhitaji mito miwili ili alale, miguu kuvimba na uzito kupanda ndani ya siku chache. Watu wengi huyahesabu haya kuwa ni uchovu wa tiba tu, na hapo ndipo hatari ilipo.

Jambo jingine halisemwi vya kutosha. Trastuzumabu hupunguza maji yanayomzunguka mtoto tumboni, kwa hiyo mimba inapaswa kuzuiwa wakati wote wa tiba na kwa miezi 7 baada ya sindano ya mwisho. Sindano ya miezi 3 na vipandikizi, njia zinazotumiwa sana vijijini, vina homoni na havimfai mwenye saratani ya matiti. Kitanzi cha shaba na kondomu havina homoni. Muuguzi wa kliniki ya uzazi wa mpango asiyeambiwa habari ya saratani hawezi kulijua hilo kwa kumtazama mteja usoni.

Homa

Hapa ndipo maisha hupotea kwa saa chache. Dawa za kemikali hushusha seli nyeupe za damu, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, na homa ya nyuzi 38 au zaidi katika siku hizo ni dharura. Inatakiwa antibiotiki ya mshipa, ikiwezekana ndani ya saa 1 tangu mgonjwa afike. Mazoea yetu hufuata njia nyingine: homa ikipanda mtu humeza panadol akisubiri kesho; joto likishuka, hudhani amepona huku vijidudu vinaendelea. Au hupelekwa zahanati, akapimwa malaria kwa kipimo cha haraka, na kikiwa hasi akarudishwa nyumbani.

Singida haina malaria nyingi kama Kigoma au Geita, kwa hiyo homa ya mgonjwa wa saratani ina sababu kubwa zaidi ya kutafutiwa chanzo kingine. Kipimo cha malaria kifanyike, lakini jibu lake, liwe hasi au chanya, lisizuie antibiotiki. Kipimajoto cha bei ndogo ndani ya nyumba kina thamani kuliko dawa nyingi za kabatini. Barua fupi ya daktari inayotaja dawa, tarehe ya dozi ya mwisho na nini kifanyike homa ikija ingepaswa kuwa mkononi mwa kila anayepanda basi kurudi Iramba, Mkalama au Manyoni.

Palbosiklibu na ndugu zake nazo hushusha seli nyeupe, hata kwa kiwango cha kutisha kwenye karatasi ya maabara, ila homa ya hatari huwa ni nadra kwao. Kinachohitajika ni kupima damu kwa ratiba na kuchelewesha au kupunguza dozi pale inapobidi. Abemasiklibu, yenyewe, huharisha sana katika wiki za mwanzo. Loperamaidi na maji ya chumvichumvi (ORS) vinapaswa kuwa nyumbani kabla ya kidonge cha kwanza.

Kwa kaya za wafugaji, maziwa mabichi ni mazoea ya tangu utotoni. Kipindi chote cha tiba, seli nyeupe zikiwa chini, yachemshwe, na maji ya kisima vilevile.

Mikono, miguu na jembe

Vitabu vya tiba hutaja ganzi na kuchubuka kwa viganja kama maudhi ya wastani, na kwa anayefanya kazi ofisini huenda ni kweli. Mkoani Singida mvua ni za msimu mmoja, kuanzia mwezi Novemba au Desemba hadi Aprili, na mwaka mzima wa chakula hutegemea palizi ya wiki chache. Mkono unaoshindwa kushika jembe Januari ni njaa ya Oktoba.

Paklitakseli huharibu ncha za neva. Udhia huanza kwa hisia kama ya vidudu vinavyotambaa kwenye vidole, kisha ganzi. Vifungo vya gauni vinashindikana, sindano ya kushonea haishikiki. Kwa wengi hupungua miezi kadhaa baada ya tiba, kwa baadhi hubaki. Hatari kubwa ni kuungua na kuchomwa bila kuhisi: sufuria iliyotoka kwenye mafiga, mwiba wa vichaka vya Itigi, jiwe ndani ya kandambili. Viatu vya kufunika vidole, kukagua nyayo kila jioni na kumwachia mwingine kuepua sufuria ni kinga rahisi. Ganzi ikianza kupanda, daktari aambiwe kabla ya dozi inayofuata, kwa sababu kupunguza dozi mapema ndiyo njia ya uhakika zaidi ya kuzuia ulemavu.

Kapesitabini, inayomezwa kwa wiki 2 na kupumzishwa wiki 1, hufanya viganja na nyayo kuwa vyekundu kwa wenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi dalili ya kwanza huwa ni ngozi kuwa nyeusi zaidi, kisha kuwaka na kuchubuka. Mpini wa jembe, kamba ya kisima na maji ya moto huongeza ukali. Mafuta mazito ya kupaka baada ya kila kunawa husaidia, na krimu yenye urea husaidia zaidi. Utafiti wa New Delhi, India, uliochapishwa mwaka 2024 kwa wagonjwa 264, ulionyesha kuwa jeli ya daiklofenaki ya asilimia 1, ikipakwa viganjani mara 2 kwa siku, ilipunguza udhia wa kiwango cha kati na kikali kutoka asilimia 15 hadi 3.8. Jeli hiyo huuzwa hata katika maduka ya dawa ya kawaida, na ni miongoni mwa habari njema chache katika uwanja huu ambazo hazihitaji hospitali kubwa. Isitumike bila daktari kujua.

Wapo wanaoacha vidonge ili wamalize palizi, wakaona haya kusema kliniki. Ningependa daktari aulize mwenyewe: mnalima lini, nani atalima? Ratiba ya dawa inaweza kusogezwa, au dozi ikapunguzwa, bila mgonjwa kuitoroka tiba.

Mifupa, joto na ndoa

Anastrozoli na letrozoli huleta maumivu ya viungo asubuhi na kupunguza uimara wa mifupa. Maziwa, dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, mwendo wa kila siku na jua, ambalo Singida halikosekani, husaidia. Wengine huhitaji sindano ya asidi ya zoledroniki. Mwanamke anayeendelea kupata hedhi hafaidiki na anastrozoli au letrozoli peke yake mpaka ovari zizuiwe kufanya kazi. Tamoksifeni huleta joto la ghafla na jasho la usiku, na, kwa wachache, damu kuganda miguuni au saratani ya mji wa mimba. Aliyekwisha koma hedhi akiona damu, aende hospitali wiki hiyohiyo.

Ukavu ukeni na kukosa hamu ya tendo la ndoa ni maudhi ya kawaida, na ndiyo yanayonyamaziwa zaidi. Mume asiyejua huweza kudhani amekataliwa. Vilainishi vya maji visivyo na homoni vinapatikana, na mazungumzo yakianzishwa na muuguzi mwanamke, kwa faragha na kwa heshima, wengi hufunguka.

Dawa zinapokutana

Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hushusha sana tamoksifeni mwilini, na haifai kutumiwa pamoja na palbosiklibu. Floksetini, ya sonona, huzuia tamoksifeni isigeuke kuwa dawa yenye nguvu. Ribosiklibu hugusa mapigo ya moyo, na dawa mseto ya malaria (ALu) pamoja na kwinini nazo huweza kufanya hivyo. Kipimo cha umeme wa moyo kinahitajika. Dawa za mitishamba hutumiwa na wengi. Mgonjwa akikemewa ataficha. Akiulizwa kwa upole ataleta hata mizizi yenyewe.

Huduma karibu na nyumbani

Trastuzumabu huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, kwa hiyo haibebwi kwenye mkoba. Lakini ipo aina ya kuchomwa chini ya ngozi ya paja kwa dakika 2 hadi 5 tu, na baada ya dozi za mwanzo kupita salama, sindano zinazofuata zinaweza kutolewa na wauguzi waliofunzwa katika hospitali yenye jokofu la uhakika na dawa za mzio. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida na hospitali za Makiungu, Mtakatifu Gaspar Itigi, Iambi na Kiomboi ndizo zinazopaswa kufikiriwa kwanza kwa kazi hiyo. Kila sindano inayotolewa Singida ni safari moja iliyookolewa.

Udhia usiotarajiwa huripotiwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kwa fomu ya njano, inayojazwa na mhudumu wa afya. Mgonjwa mwenyewe pia anaweza kutoa taarifa. Kwa sindano kama trastuzumabu, yenye watengenezaji kadhaa, taarifa huwa na maana ikiwa na jina la kibiashara na namba ya toleo, kwa hiyo lebo ya chupa ipigwe picha kwa simu kabla chupa haijatupwa.