Propela iliyokuja na mashine

Leo tuweke programu pembeni kidogo. Nataka tuzungumzie kifaa ambacho kila mtu wa Kilifi na Malindi amekiona lakini wachache wamekisoma: propela ya mashine ya boti. Wazee wengine huiita rafadha. Nasema "wamekisoma" kwa sababu ukikiangalia kitovuni utakuta namba zimechongwa, kwa mfano 11 x 12. Namba hizo zina historia ndefu, na ndizo zinazoamua mvuvi atachoma mafuta kiasi gani leo.

Tuanze kabla ya mashine. Kwa karne nyingi pwani hii iliendeshwa na pepo mbili: kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, na kusi, takriban Aprili hadi Oktoba. Ukitaka kujua gharama ya kutosikiliza upepo, muulize Vasco da Gama. Aliondoka Malindi Aprili 24, 1498, akiwa na rubani aliyepewa hapa hapa, na kusi ikamfikisha Calicut kwa siku kama 23. Wakati wa kurudi hakungoja msimu. Alivuka kwa karibu miezi 3, mabaharia wake wengi wakafa kwa kiseyeye, akaiona Malindi tena Januari 1499. Bahari ni ile ile, meli ni zile zile.

Nahodha wa kwetu hakuhitaji somo hilo. Tanga lake lilishonwa kwa kipimo cha chombo chake, na upepo ukizidi alishusha tanga kubwa akatweka dogo. Naomba ukumbuke jambo hili: kilichosukuma chombo kilichaguliwa kwa kuangalia chombo, mzigo na hali ya bahari ya siku ile. Tutalirudia.

Sasa twende Uingereza, 1836. Mwaka huo Francis Pettit Smith, mkulima, na John Ericsson, mhandisi kutoka Sweden, kila mmoja kivyake, walipata hataza ya kusukuma meli kwa parafujo chini ya maji. Ya Smith ilikuwa ya mbao, ndefu, yenye mizunguko miwili kamili. Mwaka 1837, akiwa kwenye majaribio mferejini London, parafujo iligonga kitu na nusu yake ikakatika. Boti ikaongeza mwendo! Mkulima wa watu akajifunza kwamba parafujo fupi inashinda ndefu.

Jeshi la majini la Uingereza nalo lilijaribu propela za maumbo mengi kwenye meli ya Rattler. Aprili 1845 wakaifunga kamba tezi kwa tezi na Alecto, meli ya magurudumu ya kando yenye nguvu inayokaribiana nayo. Rattler ikaivuta Alecto kinyumenyume kwa mwendo wa zaidi ya maili 2 za bahari kwa saa.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha Turbinia, boti ya Charles Parsons. Mwaka 1894 ilikuwa na injini mpya kabisa ya tabo, nguvu tele, propela moja, na bado haikufika maili 20 kwa saa. Propela ilikuwa inazunguka kasi mno hadi maji yaliyo nyuma ya mapanga yanachemka na kufanya mapovu, kwa hiyo inasukuma mapovu badala ya maji. Parsons alijenga tangi dogo la majaribio ili ayaone mapovu yenyewe, kisha akaigawa nguvu kwenye shafti tatu, kila moja na propela tatu. Mwaka 1897 Turbinia ilipita maili 34. Kuwa na nguvu ni jambo moja, kuifikisha majini ni jingine.

Mpaka hapo meli, injini na propela vilibuniwa pamoja, kama fundi wa matanga alivyofanya kazi na fundi wa chombo. Halafu ikaja mashine ya kufunga nyuma ya boti. Ole Evinrude, Mnorwe aliyehamia Marekani, hakuwa wa kwanza kuiwaza, ila ya kwake ya 1909 ndiyo iliyouzika sana. Ilikuwa na nguvu farasi 1.5 na uzito wa kilo 28 hivi. Unaibeba begani, unaifunga kwa skrubu mbili, unaondoka.

Ni ubunifu mkubwa, lakini ulikata uzi mmoja muhimu. Kuanzia siku hiyo aliyetengeneza mashine hajui itafungwa kwenye boti gani. Anaweka propela ya wastani na kuuza. Kwa lugha yetu ya kompyuta, hiyo propela ni mpangilio wa kiwandani. Na ninyi mnajua watu wangapi hubadilisha mpangilio wa kiwandani.

Angalia pwani yetu. Mashine ya 40 hiyo hiyo unaikuta kwenye mashua ya mbao ya mvuvi, yenye nyavu, barafu na watu sita. Unaikuta kwenye boti ya kioo inayopeleka wageni matumbaweni katika hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyoanzishwa 1968. Unaikuta pia kwenye boti nyepesi ya faiba. Vyombo vitatu tofauti kabisa, na mara nyingi propela ni ile ile iliyotoka kwenye boksi.

Sasa tusome zile namba. Ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili huitwa pichi: umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa parafujo inayoingia kwenye mti. Fikiria gia za baiskeli. Pichi kubwa ni gia nzito, inafaa boti nyepesi. Pichi ndogo ni gia ya mlima, inafaa mzigo.

Kwa wapenda hesabu, fomula ni mstari mmoja:

kasi = mizunguko ya injini kwa dakika x pichi ÷ (gia x 1215)

Jibu ni maili za bahari kwa saa. Tuseme mizunguko 5,000, pichi 11, gia 2 kwa 1: unapata 22.6. Linganisha na kasi halisi kwenye GPS ya simu. Pengo kati ya namba mbili hizo ni mtelezo. Boti nyepesi hupoteza kama asilimia 10 hadi 20. Mashua nzito hupoteza zaidi sana.

Kipimo kikuu lakini ni mizunguko. Pakia boti kama siku ya kazi, fungua mafuta yote, soma mizunguko. Kama kitabu cha mashine kinasema 4,500 hadi 5,500 na wewe unapata 4,000, pichi ni kubwa mno. Kila inchi moja ya pichi hubadilisha takriban mizunguko 200, kwa hiyo shuka inchi 3 au 4 upime tena. Ukizidi 5,500, panda.

Usichukulie jambo hili kama la starehe. Mashine inayokoroma chini ya mizunguko yake hupata joto, hujaza masizi na kunywa mafuta bure, na katika mgao wa wavuvi mafuta hutolewa kwanza kabla mtu hajapata shilingi. Mbaya zaidi ni siku ya kusi, unapopita mlango wa mwamba na wimbi liko nyuma yako, halafu mashine haina pumzi.

Propela ikigonga mwamba, au ikilika kwa mchanga wa Sabaki, kipimo chake kimebadilika pia. Ya alumini hupinda na fundi huinyoosha. Ya chuma cha pua haipindi kirahisi, lakini pigo huenda kwenye gia.

Mjomba wangu wa Takaungu huniuliza kama anunue mashine ya 60. Humjibu: mjomba, kwanza badilisha tanga.