Reli Iliyofuata Nyayo za Wapagazi

Machi 1871, msafiri Henry Stanley aliondoka Bagamoyo, akafika Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, mwishoni mwa Juni. Huo ulikuwa mwendo wa haraka. Mwaka 1857 wasafiri Richard Burton na John Speke walikuwa wametumia zaidi ya miezi minne kufika Kaze, kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili kilichokuja kuwa sehemu ya Tabora.

Vitambaa, shanga na nyaya za shaba vilipanda bara vichwani na mabegani mwa wapagazi, kila mmoja na frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, na kazi hiyo waliijua kuliko mtu yeyote. Tabora ilikuwa njiapanda yao: magharibi Ujiji, kaskazini Karagwe na Buganda.

Wajerumani, waliokuwa wakiitawala nchi wakati huo, walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Bagamoyo ilirukwa, pigo ambalo mji ule haujalisahau, lakini huko bara reli iliufuata kwa karibu ukanda wa misafara. Morogoro ilifikiwa 1907, Tabora 1912, Kigoma Februari 1914: takriban kilomita 1,250.

Kwanza lilijengwa tuta, kisha yakatandikwa mataruma, na juu yake reli mbili zilizoachana mita moja. Mataruma yalikuwa ya chuma, kwa kuwa mbao zingeliwa na mchwa. Kila kipande kilichokamilika kiligeuka njia ya kuletea vifaa vya kipande kinachofuata. Na waliochimba, kusomba na kutandika? Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wengi miongoni mwa vibarua hao. Watu wa jamii iliyoishi kwa upagazi waliijenga kwa mikono yao njia iliyoumaliza upagazi wa masafa marefu. Kila historia ya reli hii ingestahili kuanza na wao, si na wahandisi.

Reli ilipokamilika tu, ilibeba meli. Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika maelfu ya makasha na kuunganishwa upya Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika. Ndiyo meli iliyokuja kuitwa MV Liemba.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilileta kisa cha ajabu zaidi. Mwaka 1916, koloni likiwa limezingirwa na fedha zimeadimika, karakana ya reli ya Lulanguru, magharibi kidogo ya Tabora, iligeuzwa kiwanda cha sarafu. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke ilifuliwa humo kuwa sarafu za rupia 15, zenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, na herufi T ya Tabora. Septemba 19 mwaka huohuo majeshi ya Ubelgiji yaliingia mjini.

Waingereza, waliotawala baada ya vita, waliiongezea njiapanda hiyo ya Tabora tawi la Mwanza, lililokamilika 1928, na baadaye tawi la Mpanda kutoka Kaliua.

Sasa zamu ni ya reli ya kisasa, yenye upana wa milimita 1,435 na nyaya za umeme juu yake. Mkataba wa Makutupora hadi Tabora ulitiwa saini 2021. Mwaka uliofuata ukaja wa Tabora hadi Isaka, kisha wa Tabora hadi Kigoma, kuelekea kulekule ziwani walikokwenda wapagazi.