Kwinini, Kariakoo na moyo usiopiga sawasawa

Ukitoka Jangwani ukapandisha Upanga, hukawii kufika Muhimbili, penye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanza mwaka 2015. Nyuma yako ni Kariakoo, mtaa uliorithi jina la Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Upande wa pili wa vita hiyo, Wajerumani walitengeneza kwinini kwa magome ya mikwinini ya Amani, Usambara, wapate kuhimili malaria.

Miaka hiyohiyo gome hilo liliingia kwenye historia ya moyo. Mwaka 1912 mfanyabiashara Mholanzi alimwambia daktari Wenckebach kwamba kwinini humtulizia mapigo yanayokwenda ovyo. Mwaka 1918 daktari Frey akaonyesha kwamba kwinidini, nduguye kwinini, inafaa zaidi.

Lakini dawa hizo huchelewesha moyo kujiandaa kwa pigo linalofuata. Ucheleweshaji huo husomwa kwenye karatasi ya ECG, mchoro wa umeme wa moyo, tangu wimbi Q linapoanza hadi wimbi T linapokwisha: ndio muda wa QT. Ukirefuka mno, moyo unaweza kuingia mbio za kuua.

QT hufupika moyo ukienda kasi, kwa hiyo lazima isahihishwe. Mwaka 1920 Bazett wa Uingereza aliigawa kwa kipeuo cha pili cha muda kati ya pigo na pigo. Mwaka huohuo Fridericia wa Denmark akatumia kipeuo cha tatu. Bazett alipima vijana 39 wenye afya, na mioyo yao ilipiga sawasawa.

Moyo usiopiga sawasawa humkwamisha. Chukua QT ya milisekunde 400. Pigo lililotangulia likiwa sekunde 0.64 nyuma, Bazett anakupa 500, kiwango cha hatari. Likiwa sekunde 1.44 nyuma, anakupa 333. Karatasi ni moja, mgonjwa ni yuleyule! Ndiyo maana kutegemea pigo moja ni kosa. Yapimwe mapigo mengi, kumi hivi, kisha ichukuliwe wastani. Na moyo ukienda mbio, Fridericia anaaminika zaidi, kwani Bazett hukuza.

Nawe msomaji, kama umeambiwa mapigo yako hayaendi sawa, mtajie daktari kila dawa unayomeza, hata ile ya malaria uliyonunua duka la dawa Kariakoo.