Mértola: Mihrabu Nyuma ya Altare

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anawajua Wareno kwa mawe waliyoyaacha: Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1593, nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi, mabaki ya ngome ya Kilwa Kisiwani. Vitabu vya shule vinaeleza walivyofika, walivyochoma miji, walivyowatoza masultani kodi, na walivyong'olewa Mombasa na Waomani mwaka 1698. Lakini nchi waliyotoka ilikuwaje? Nani aliishi humo kabla ya bendera ya mfalme wao? Mji mmoja mdogo wa kusini mashariki mwa Ureno unalijibu swali hilo vizuri kuliko Lisbon, na mtu mwenye siku tatu za mapumziko anaweza kuuzunguka wote kwa miguu.

Mji huo ni Mértola, katika mkoa wa Alentejo, karibu na mpaka wa Uhispania. Umekaa juu ya mwamba, pale kijito cha Oeiras kinapoingia mto Guadiana. Kutoka Lisbon ni yapata kilomita 230, na kutoka uwanja wa ndege wa Faro ni kama kilomita 120. Anayetegemea usafiri wa umma hupitia mji wa Beja, kilomita 50 hivi kaskazini, na inambidi aangalie ratiba mapema, kwa kuwa mabasi ya kwenda Mértola ni machache na mwisho wa juma hupungua zaidi. Mwenye leseni afadhali akodi gari. Kuhusu majira, aepuke Julai na Agosti: Alentejo ni tanuri, na joto la nyuzi 40 si habari ya kushangaza huko. Machi hadi Mei mabonde huwa ya kijani na maua yamechanua. Oktoba nayo ni nzuri.

Kilichouzaa mji huu ni maji. Guadiana unapitika kwa vyombo kutoka baharini mpaka Mértola, mwendo wa kilomita 70 hivi, na maji kujaa na kupwa huonekana hadi hapo. Juu zaidi, maporomoko ya Pulo do Lobo yanafunga njia. Kwa hiyo kila kilichotoka bara, madini na nafaka, kilipakiwa hapa, na kila kilichotoka Bahari ya Kati kilishushwa hapa. Wafoinike walifanya biashara katika mto huu. Warumi waliuita mji Myrtilis, nao ukafikia hadhi ya kupiga sarafu zake. Watu waliokulia Lamu au Pangani hawahitaji kufafanuliwa zaidi: bandari huzaa soko, soko huleta wageni, na wageni huja na mungu wao, vyungu vyao na maneno yao.

Kabla hajapanda ngomeni, mgeni aanzie chini ya ofisi ya manispaa. Jengo hilo limekaa juu ya nyumba ya Kirumi, na misingi yake imeachwa wazi ili watu waione. Kisha apande hadi uwanja ulio kando ya ngome, ambako wanaakiolojia wamefukua mitaa iliyolaliana: juu, nyumba za Waislamu wa karne ya 12, zenye ua wa ndani, jiko na choo, chini yake, mabaki ya jengo la Wakristo wa mwanzo lenye kisima cha ubatizo na sakafu za mozaiki, na pembeni, njia ndefu ya chini ya ardhi iliyoshikilia uwanja mzima. Inafaa kukaa hapo asubuhi nzima bila haraka. Wengi hupiga picha na kuteremka baada ya dakika kumi, wakaondoka hawajaona kwamba nyumba hizo zilijengwa kwa mpango uleule wa kuficha maisha ya familia nyuma ya ukuta na kuyafungulia ua wa ndani, mpango ambao mtu wa Mji Mkongwe wa Zanzibar anaujua vizuri.

Majeshi ya Kiislamu yalivuka kutoka Afrika Kaskazini mwaka 711, na kwa zaidi ya karne tano Mértola ikawa mji wa Al-Andalus, yaani nchi ya Waislamu katika rasi ya Iberia. Historia ya karne hizo si ya dola moja tulivu. Ukhalifa wa Cordoba ulipovunjika katika karne ya 11, Mértola ikawa ufalme mdogo unaojitegemea, hadi watawala wa Sevilla walipoumeza. Wakaja Al-Murabitun kutoka Maghrebi, na baada yao Al-Muwahhidun.

Kati ya dola hizo mbili akatokea mtu ambaye peke yake angetosha kuwa sababu ya safari. Ibn Qasi, mzaliwa wa upande wa Silves, wa ukoo uliosilimu, alikuwa sufi mwandishi, na kitabu chake juu ya kuvua viatu viwili kilisomwa kiasi cha kuandikiwa ufafanuzi na Ibn Arabi, mwanazuoni mkubwa wa Murcia. Wafuasi wake waliitwa muridi. Mwaka 1144 kikundi chao kidogo kiliiteka ngome ya Mértola kutoka kwa Al-Murabitun, naye akaingia kama imamu wake. Baadaye aliwaita Al-Muwahhidun wavuke bahari, kisha akatofautiana nao, akatafuta urafiki na mfalme Mkristo wa Ureno, Afonso Henriques. Hilo lilimgharimu maisha: mwaka 1151 aliuawa Silves. Leo sanamu yake juu ya farasi imesimama chini ya ngome, na ni jambo la kutia moyo kwamba mji wa Wakatoliki umemwekea sanamu imamu wake.

Msikiti unaozungumzwa zaidi ni wa zama za Al-Muwahhidun. Kwa nje ni kanisa jeupe la parokia, Nossa Senhora da Anunciação, lenye vinara vidogo juu ya kuta. Ndani, umbo linajieleza. Makanisa mengi ya Ulaya yana njia ndefu inayokwenda moja kwa moja kwenye altare. Hili ni pana, karibu mraba, na nguzo zimejipanga kwa safu pande zote. Aliyewahi kusimama ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa atautambua mpango huo mara moja. Milango minne yenye matao ya umbo la kwato za farasi ingalipo. Na nyuma ya altare, katika ukuta wa kibla, imebaki mihrabu yenyewe, na juu yake matao matatu yaliyofinyangwa kwa lipu. Kwa tarehe, mihrabu hii ni changa kidogo kuliko ile ya Kizimkazi huko Unguja, ambayo maandishi yake yana mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Pwani ya Waswahili hukabili kaskazini wakati wa sala. Hapa waumini walielekea kusini mashariki, na ndiko padri anakosimama leo.

Msikiti huu ulisalimikaje? Si kwa sababu washindi walikuwa wapole. Lisbon ilipochukuliwa mwaka 1147, kanisa kuu lilijengwa mahali pa msikiti, na kilichobaki cha Waislamu hapo ni misingi iliyofukuliwa uani. Mértola ilikuwa ndogo, fedha za kujenga upya zilikuwa chache, na jengo lililopo lilifaa. Likawekwa wakfu kwa Mama Maria, likatumika. Karne ya 16 likapewa dari jipya la matao na mlango mpya, lakini kuta zilibaki. Hakuna mahali pengine Ureno ambapo msikiti wa zama hizo umebaki umesimama kiasi hiki.

Mji ulianguka mwaka 1238, chini ya Mfalme Sancho wa Pili. Waliouteka ni mashujaa wa Santiago, watawa wenye upanga walioapa kupigana na Waislamu, wakiongozwa na Paio Peres Correia. Mfalme akawapa mji kuwa wao, na kwa miongo kadhaa Mértola ikawa makao yao makuu katika Ureno. Mnara mkubwa wa ngome, uliokamilika mwaka 1292, ni kazi yao, na kutoka juu yake mtu huona mto, mapaa na kilomita nyingi za vilima. Kutoka hapa waliendelea kusini, na mwaka 1249 Faro ilipotwaliwa, utawala wa Waislamu katika Ureno ukawa umekwisha.

Hapa ndipo safari ya mtu wa pwani inapopata uzito wake. Karne mbili na nusu baadaye, Vasco da Gama alipotia nanga mbele ya Mombasa mwezi Aprili 1498, alikuwa shujaa wa shirika hilohilo la Santiago, kama baba yake Estêvão kabla yake. Alilelewa katika mila ya watu ambao heshima yao ilitokana na kuiteka miji ya Waislamu. Macho aliyoitazamia misikiti na nyumba za mawe za Waswahili hayakuwa ya mtu aliyeona kitu kigeni kabisa. Minara na mihrabu alikuwa ameijua kwao, tena kama mali ya mshindwa. Hilo halimwondolei lawama yeye wala waliomfuata. Linaeleza kwa nini mwaka 1505, Francisco de Almeida alipoiteka Kilwa na kuichoma Mombasa, walikuwa na msamiati tayari wa kulielezea tendo lao, na maombi tayari ya kulisindikiza.

Miaka michache tu baada ya moto huo wa Mombasa, yapata 1509, Mfalme Manuel alimtuma Duarte de Armas kuchora ngome za mpakani mwa Ureno. Mchoro wake wa Mértola umehifadhiwa. Unaonyesha kanisa likiwa bado na mapaa matano yaliyopangana ubavu kwa ubavu, yaani paa la msikiti, kabla ya matengenezo ya karne ile. Nakala yake inapatikana kwa urahisi, na anayekwenda afanye bidii ya kuwa nayo mkononi.

Baada ya hapo mji ulisinyaa. Vita vya mpakani vikaisha, ngome ikakosa kazi, biashara ikahamia bandari za bahari. Uhai ulirudi kwa muda katika karne ya 19, pale kampuni ya Kiingereza ya Mason and Barry ilipochimba shaba na salfa huko Mina de São Domingos, kilomita 17 hivi kutoka mjini, na kuyasafirisha madini kwa reli hadi gati la Pomarão. Mgodi ulifungwa mwaka 1966. Vijana wakaondoka kwenda Lisbon na nchi za nje. Wilaya iliyokuwa na watu zaidi ya 25,000 katika miaka ya 1950 ilihesabiwa na watu wapatao 6,200 tu katika sensa ya 2021. Alasiri moja itumike kule mgodini: shimo lililojaa maji ya rangi ya kutu, magofu ya viwanda, na safu za nyumba za chumba kimoja kimoja walimoishi wachimbaji na familia zao.

Kilichoizuia Mértola isife ni udongo wake. Mwaka 1978, miaka minne baada ya mapinduzi yaliyoangusha udikteta, mwanahistoria Cláudio Torres alianza kufukua pembeni mwa ngome, akiungwa mkono na meya Serrão Martins. Wakaanzisha Campo Arqueológico de Mértola, na badala ya kupeleka vyungu Lisbon, wakaamua kila kitu kibaki mjini. Torres alipewa Tuzo ya Pessoa mwaka 1991. Matokeo yake ni makumbusho yaliyotawanyika katika majengo mbalimbali ya mji, mojawapo likiwa na mkusanyo mkubwa wa ufinyanzi wa Kiislamu. Uamuzi huo ni wa kuigwa na kila mji wa pwani yetu ambao vigae vyake vimelala katika masanduku ya mbali. Vyungu vile vina maana zaidi vinapotazamwa hatua chache kutoka jiko vilimopikiwa.

Kiwanda kidogo cha kufuma kisipitwe pia. Wanawake hufuma blanketi za sufu kwa vitanda vya mkono, na michoro yake ya pembe na misumeno inafanana sana na ya Waberberi wa milima ya Maghrebi. Mezani kuna jibini ya maziwa ya kondoo, supu ya mkate yenye kitunguu saumu na giligilani, asali na samaki wa mtoni. Asiyekula nguruwe aulize kabla ya kuagiza, maana Alentejo humtia nguruwe karibu kila chungu.

Mambo machache ya kupanga. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen, na maombi yaanze miezi kadhaa kabla. Makumbusho hufungwa Jumatatu, kwa hiyo Alhamisi hadi Jumamosi, au Ijumaa hadi Jumapili, ndizo siku za kuchagua. Jumapili asubuhi kuna misa kanisani, na watalii wanapaswa kungoja nje. Tangu 2001, kila mwaka wa pili, mwezi Mei, mji hufanya tamasha la Kiislamu: vichochoro hufunikwa vitambaa na kuwa soko, mafundi huja kutoka Moroko, na muziki hupigwa usiku. Vyumba vya kulala ni vichache, hivyo mwaka wa tamasha huwa vimejaa miezi mingi kabla, na wanaochelewa hulala Beja au Serpa na kuja asubuhi.