Upangaji, si Udoezi

Orodha moja ya istilahi za ekolojia, iliyokwisha kupita mikononi mwa wajumbe wenye shahada nyingi, inamwita mnyama anayejihifadhi katika makao ya mwenzake "mdoezi". Mjumbe mwingine, aliyeliona neno hilo kuwa zito, akapendekeza "mshirika wa makao". Nayakataa yote mawili. Neno ni *mpangaji*, na hali yenyewe ni *upangaji*.

Jambo hili si geni kwa mtu wa Same. Katika bustani zilizoachiwa mawe na vichaka chini ya Milima ya Upare, na vilevile katika vichuguu vya nyika ya Mkomazi, kenge, nyoka na mijusi wa aina mbalimbali hupenya kwenye mashimo yasiyochimbwa nao. Kinachowavuta ni kivuli na unyevu, jua linapounguza udongo wa tambarare. Hakuna aliyemwita mwenzake, na kenge akipata nafasi humla mjusi mdogo. Ushirika uko wapi hapo? Upareni ushirika ni chama cha VUASU: kahawa, wanachama na mkutano mkuu.

Udoezi una kosa la ndani zaidi. Kudoea ni kuvizia chakula cha mtu. Waliolichagua neno hilo walikuwa wakifuata istilahi ya Mbelgiji Pierre-Joseph van Beneden, aliyeieneza katika miaka ya 1870: *komensali*, kutokana na Kilatini *com-*, "pamoja", na *mensa*, "meza". Hiyo *mensa* ndiyo iliyozaa *mesa* ya Wareno, nasi tukaipokea pwani kama *meza*. Nasaba nzuri, lakini kichuguuni hakuna karamu. Wanabiolojia wenyewe waliliona hilo, na kwa wanaoshiriki makao wana neno jingine, linalotoka katika Kilatini *inquilinus*. Huyu, katika sheria ya Kirumi, ni mtu aliyepanga nyumba, tofauti na *colonus* aliyekodi shamba. Wote wawili ni wa shina la *colere*, kukaa na kulima, shina lile lile lililotuletea *koloni*. Basi tafsiri ya *inquilinus* imekuwapo midomoni mwetu tangu zamani, na mtu yeyote aliyewahi kutafuta chumba mjini Same anaijua. Kwa nini tuliruke neno kamili tukaokote la matusi?

Nimejibiwa, kwa barua isiyo na salamu, kwamba kenge halipi kodi ya pango. Hoja hii inanisikitisha kwa sababu imetoka kwa mtu anayejua jinsi istilahi zinavyoundwa. *Kimelea* kimetokana na kumelea, yaani kuota juu ya kitu kingine. Leo tunawaita hivyo minyoo na vijidudu vya malaria, na hakuna anayedai majani yao. Istilahi huchukua sifa moja ya neno na kuziacha nyingine. Hapa tunachukua sifa ya kukaa katika nyumba isiyo yako pamoja na watu usiowachagua. Wengine wanahofia kwamba upangaji utachanganywa na kupanga mipango. Sentensi itawatofautishia, kama inavyotutofautishia pango la mwambani na pango la nyumba.

Neno hili pia linatoa familia nzima, jambo ambalo udoezi hauliwezi. Mchwa waliojenga kichuguu ni *wenye nyumba*. Mijusi na nyoka waliomo ni *wapangaji wenza*. Kobe bapa wa miambani, yule wa Tarangire anayejibana ndani ya ufa kwa miguu yake, ni *mpangaji wa mwamba*, na anayefukuliwa humo ili auzwe nje *amehamishwa kwa nguvu*. Kobe huyu hutaga yai moja kwa wakati, kwa hiyo nafasi yake katika ufa haijazwi upesi. Tangu 2019 biashara yake ya kimataifa imo katika orodha kali kuliko zote za mkataba wa CITES.

Matumizi: "Bustani hii ina upangaji wa spishi nyingi." Kitenzi ni *kupanga kwa*: kenge amepanga kwa mchwa.