Hifadhi ya Muda: Habari za Wapolandi wa Tengeru

Wasikilizaji wetu, wazee walinena: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii yatufundisha ya kuwa ugeni una kipimo chake. Lakini mgeni aliyefukuzwa kwao na vita, naye apimwe kwa siku? Na ni nani astahiliye kupokewa kwa sababu hiyo? Twataka kulitazama swali hili kwa habari za watu waliokaa hapa petu, karibu na Arusha, mahali paitwapo Tengeru.

Mwezi wa Septemba 1939 nchi ya Polandi ilivamiwa pande mbili: Wajerumani waliingia kutoka magharibi tarehe 1, na Warusi kutoka mashariki tarehe 17. Katika miaka ya 1940 na 1941 Warusi waliwakamata watu wengi wa upande wa mashariki, nyumba kwa nyumba, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan kufanya kazi ngumu katika baridi na njaa. Kisha, mwezi wa Juni 1941, Ujerumani iliishambulia Urusi yenyewe. Tarehe 30 Julai mapatano yalifanywa London kati ya Urusi na Serikali ya Polandi iliyokuwa uhamishoni. Raia wa Polandi wakafunguliwa, na Jenerali Anders akaruhusiwa kuunda jeshi.

Hapo ndipo swali la kustahili lilipoanza. Kabla ya mwaka ule kwisha, Warusi walikataa kuwahesabu Waukraini, Wabelarusi na Wayahudi wa mashariki kuwa ni raia wa Polandi. Tena mwaka 1942, jeshi lilipovuka Bahari ya Kaspi kwenda Uajemi, raia waliopata nafasi melini walikuwa hasa jamaa za askari. Watu waliopatwa na msiba mmoja walitengwa kwa kabila na kwa udugu: huyu akavuka, yule akabaki.

Kutoka Uajemi, wanawake, watoto na wazee zaidi ya 15,000 waliletwa Afrika, katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza. Huko Uganda walikaa Masindi na Koja. Katika Tanganyika walikaa Ifunda, Kidugala, Kondoa, Morogoro, na Tengeru iliyozipita zote kwa ukubwa, yenye watu wapatao 5,000. Waliishi katika vibanda vya mviringo vilivyoezekwa kwa majani. Wakalima, wakafungua shule na karakana, wakawa na hospitali, makanisa na hata sinagogi. Jembe walilishika, walakini Serikali iliwahesabu kuwa ni wageni wa muda wa vita tu.

Vita viliisha mwaka 1945, bali nyumbani hapakuwapo tena. Wakuu wa mataifa makubwa, waliokutana Yalta mwezi wa Februari, walikubaliana kuusogeza mpaka wa Polandi, na vijiji vya wengi wa Tengeru vikawa ndani ya Urusi. Kwa hiyo wengi walikataa kurudi. Shirika la Kimataifa la Wakimbizi, lililoshika kazi hiyo mwaka 1947, lilikuwa na swali jipya: Je, una sababu ya haki ya kukataa kurudi kwenu? Wenye jamaa katika jeshi la Anders walipata njia ya kwenda Uingereza. Mwaka 1949 yatima zaidi ya 100 walipelekwa Kanada, ijapokuwa Serikali mpya ya Polandi ilipinga. Wachache wenye kazi ya kuwatosha waliruhusiwa kubaki. Makaburi ya waliokufa yapo Tengeru hata leo.

Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 ulimtambua mkimbizi kwa hofu ya kuteswa kwa ajili ya kabila, dini, uraia, kundi lake au maoni ya siasa. Mataifa ya Afrika, yaliyokutana Addis Ababa mwezi wa Septemba 1969, yaliongeza kwamba mtu akimbiaye vita naye ni mkimbizi. Tarehe 4 Machi 2022 Umoja wa Ulaya uliwapa hifadhi ya muda waliokimbia vita vya Ukraine, na wengi mno walipokewa Polandi. Lakini uamuzi ule haukuzilazimisha nchi kuwapa hifadhi hiyo wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wakisoma huko kwa muda, ingawa walikimbia mabomu yale yale.

Basi, wasikilizaji, tuyashike maswali mawili. Mlangoni, mtu aulizwe anakimbia nini, kabla ya kuulizwa yu wa kabila gani. Na siku ya kuagana, kabla ya kumwambia vita vimekwisha, tuulize kama anapo mahali pa kurudi.