Wimbo wa Taifa Ulitungwa na Kikundi, Kwa Hivyo Tuongee Kuhusu Majina

Kila mtu aliyepita shule ya msingi Kenya anaujua wimbo wa taifa. Umeuimba Jumatatu asubuhi ukitetemeka, sweta imetoboka kiwiko, bendera ikipanda. Ijumaa umeuimba tena ukiwaza kwenda nyumbani. Lakini simama leo pale steji ya Ruiru uulize watu ni nani aliyeutunga. Wengi watakuangalia tu. Mjanja mmoja atasema ni Kenyatta.

Si Kenyatta. Na si mtu mmoja. "Ee Mungu Nguvu Yetu" ni kazi ya kikundi cha watu watano, na chini yao kuna mtu wa sita ambaye hakuwa kwenye kikao chochote. Leo nataka tuongee juu ya huyo wa sita, kwa sababu vijana wanaotunga nyimbo pamoja hapa Thika na Ruiru wanapigana vita ambavyo hawa watano walikutana navyo kabla sisi hatujazaliwa.

Turudi 1963. Uhuru unakuja Desemba na nchi haina wimbo. Nchi nyingi zilimpa kazi hiyo mtunzi mmoja, au zikachukua wimbo uliokuwepo tayari. Kenya iliunda tume. Ndani yake kulikuwa na Graham Hyslop, Mwingereza aliyekuwa afisa wa muziki upande wa elimu, na ambaye pia aliandika tamthilia za Kiswahili. Kulikuwa na Thomas Kalume, mchungaji wa Pwani ambaye baadaye aliingia bungeni. Kulikuwa na George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda, ambaye mwaka 1986 alitoa kitabu kuhusu muziki wa kiasili wa Kenya. Kulikuwa na Peter Kibukosya. Na kulikuwa na Washington Omondi, ambaye miaka ya themanini aliongoza tume nyingine ya kuchunguza hali ya muziki nchini.

Angalia hiyo orodha vizuri. Kuna wa Pwani, kuna wa Magharibi, kuna wa Nyanza, kuna aliyetoka Uganda, kuna mzungu. Jaribu kuweka watu kama hao kwenye grupu moja ya WhatsApp uone kama mtakubaliana hata saa ya kukutana. Hawa walikubaliana noti kwa noti, na maneno kwa lugha mbili, Kiswahili na Kiingereza.

Walifanya mambo mawili ambayo mimi nayapenda.

Kwanza, hawakujifungia chumbani kubuni sauti kutoka hewani. Walienda kutafuta kile ambacho watu walikuwa wakiimba tayari. Walichokipata ni wimbo wa Wapokomo wa Tana River, wimbo ambao mama humbembelezea mtoto akilia. Ndiyo, bana. Ule wimbo unaousimamia wima mikono ikiwa ubavuni ulikuwa wa kulaza mtoto. Sasa unaelewa kwa nini nyimbo za taifa za wengine zinapiga kelele kama gwaride, halafu wetu unapanda polepole kama mtu anayekuongelesha usiku.

Pili, waliupeleka mbele ya masikio ya watu kabla ya kusema umeisha. Walienda na bendi na waimbaji hadi Gatundu, nyumbani kwa Jomo Kenyatta, ambaye wakati huo alikuwa Waziri Mkuu, ukapigwa hapo akausikiliza. Gatundu ni hapa hapa, ukitoka Thika unapanda matatu moja tu. Watu wetu hupita hapo kila siku bila kujua kwamba huo wimbo ulifanyiwa majaribio kwenye kilima cha jirani. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 bendera ya Uingereza ilishuka, ya Kenya ikapanda, na wimbo ukawa wa taifa zima.

Majina matano yakaandikwa. Hiyo ni heshima, na siipuuzi. Lakini yule mama?

Mzee Meza Morowa Galana wa Tana River anatajwa na wengi kuwa ndiye aliyewapa watunzi huo wimbo wa kwao. Naye hakuubuni. Aliukuta ukiimbwa. Kabla yake kuna wanawake, vizazi na vizazi kando ya mto Tana, wakiwa na mtoto mgongoni na jembe mkononi. Hakuna jina lao hata moja popote.

Mtu ataniambia wimbo wa kiasili hauna mwenyewe. Hiyo hoja ilikuwa na nguvu zamani. Katiba ya 2010, Kifungu cha 11, inataka Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe fidia au mirabaha utamaduni wao unapotumiwa. Mwaka 2016 ikaja sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi. Kwa hivyo sheria ya Kenya yenyewe inakubali kwamba wimbo usio na mtunzi anayejulikana bado una wenyewe. Wenyewe ni wengi tu.

Na usifikiri mtunzi akiwa mmoja mambo huwa rahisi. Jirani zetu Uganda, wimbo wao wa 1962 una jina la George Wilberforce Kakoma, na bado aliishia kuishtaki serikali akidai haki yake. Alifariki 2012. Jina kwenye karatasi ni mwanzo tu. Bila jina, sasa, hata pa kuanzia huna.

Hata sisi tulishtuliwa. Miaka kadhaa iliyopita chaneli moja ya Kenya iliweka YouTube video yenye wimbo wa taifa, ikapigwa dai la hakimiliki kwa niaba ya kampuni ya Uingereza. Wimbo wetu wa taifa! Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ikabidi ijitokeze kulipinga. Hiyo mitambo ya intaneti haijui Tana River iko wapi. Inajua nani alijaza fomu kwanza.

Sasa tuje nyumbani. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, lakini binamu yangu bado anasoma muziki. Muhula uliopita kikundi chao kilipewa wiki moja: mtunge wimbo pamoja, Jumamosi mwuimbe mbele ya watu. Walifanyia mazoezi kwangu Ruiru kwa sababu nina maikrofoni nzuri na jirani mvumilivu. Jumatatu na Jumanne walibishana tu. Jumatano kijana mmoja wa Thika akaleta wimbo mfupi ambao shosho yake huimba, wa enzi za kuchuma kahawa kwenye mashamba ya wazungu. Kila mtu akanyamaza. Alhamisi ulikuwa na gitaa, Ijumaa ukapata ubeti wa Kiswahili, Jumamosi wakaupiga kwenye ukumbi mmoja Thika na watu wakasimama.

Jumamosi usiku vita vikaanza. Aliyetengeneza biti alitaka uwekwe kwenye akaunti yake. Aliyeimba akasema bila sauti yake hakuna wimbo. Aliyeandika maneno akatoka kwenye grupu. Watu watano, madai matano, na hakuna aliyemtaja shosho.

Walipompigia hatimaye, alicheka sana. Akasema yeye aliusikia kwa mamake, naye mamake kwa wanawake wenzake shambani. "Andikeni ni wa wanawake wa kahawa," akasema, "na mniletee niusikie."

Huyo mama hajasoma Kifungu cha 11, lakini alikiweka wazi kuliko wakili yeyote niliyewahi kumsikiliza. Kuna waliorithisha na kuna waliojenga juu yake, na wote wanaenea kwenye karatasi moja.

Kwa hivyo kama mnatunga pamoja wiki hii, iwe ni kazi ya darasa, kwaya ya kanisa ama biti ya usiku kwa nyumba ya msee, fanyeni hivi kabla ya kupanda jukwaani. Chukueni karatasi. Andikeni nani alileta nini: sauti, maneno, biti, mpangilio. Andikeni mgawanyo kwa asilimia, mkiwa bado marafiki, wimbo ukiwa bado hauna hata shilingi. Halafu andikeni wimbo ulitoka wapi, kwa nani, kijiji gani. Wote watie sahihi, kila mtu apige picha abaki nayo. Sheria ya hakimiliki ya 2001 inalinda kazi ya pamoja hadi miaka 50 baada ya mtunzi wa mwisho kufariki. Huo ni muda mrefu wa kugombana na wajukuu wa watu.

Na kesho kutwa ukisimama wima bendera ikipanda, kumbuka kuna mama Mpokomo ambaye mtoto wake alishalala zamani, na sisi bado tunauimba.